Mmea mmoja, mabwawa mawili: mbona unasitawi kwenye maji ya mvua na kudumaa kwenye maji ya kisima?

Mfugaji wa Kisauni aliuliza:

Assalam aleikum, na salamu kwa wote. Ninafuga tilapia katika mabwawa mawili madogo nyuma ya nyumba yetu hapa Kisauni. La kwanza hujazwa maji ya mvua yanayoteremka kutoka kwenye paa, na yanapopungua huongezea ya mkokoteni. La pili hujazwa maji ya kisima, ambayo kama ilivyo kwa visima vingi vya mtaa wetu yana chumvi, kiasi kwamba sabuni haitoi povu.

Kabla ya Ramadhani nilinunua kwa muuza maua wa kando ya barabara konzi moja ya mmea unaoelea, nikaugawa nusu kwa nusu. Bwawa la mvua sasa halionekani maji. Majani yaliyokuwa bapa na madogo kama ukucha wa kidole gumba yamekuwa makubwa, yamejikunja katikati na kusimama yakibanana, hata nikadhani ni mmea mwingine. Upande wa juu yana vinywele vingi, na maji yakimwagika hapo hujikusanya kuwa matone na kuteleza bila kulowesha jani. Chini mnaning'inia kitu cha kahawia mfano wa mizizi. Alfajiri samaki wangu hupanda juu na kutweta kwenye upenyo mdogo uliobaki pembeni.

Katika bwawa la kisima, mmea ule ule umegeuka rangi ya manjano, kingo za majani zimekauka, wala haujaongezeka tangu nilipoutia. Naomba kujua huu ni mmea gani, na kwa nini umekubali maji haya na kuyakataa yale.

Mfuga kuku, Likoni:

Dada, huenda hiyo ni azola, na kama ndiyo basi una bahati. Mimi huwapa kuku wangu azola mbichi iliyochanganywa na pumba, nao huipenda sana. Ndani ya majani yake huishi vijidudu vinavyonasa naitrojeni ya hewani, na kwa sababu hiyo wakulima wa mpunga wa Uchina na Vietnam wameitumia kurutubisha mashamba yao kwa karne nyingi.

Mwalimu wa baiolojia, Tudor:

Ndugu wa Likoni ameeleza azola vizuri, lakini maelezo ya dada yananipeleka kwingine. Azola ni kimmea kidogo sana, ambacho majani yake yamelaliana kama magamba ya samaki. Ikipigwa na jua kali huwa nyekundu, na ina mizizi halisi inayoning'inia majini. Jani lenye ukubwa wa ukucha, linalojikunja na kufukuza maji kwa vinywele vyake, ni la salvinia, na kwa namna ulivyoenea nina hakika kubwa kwamba ni ile iitwayo kitaalamu *Salvinia molesta*. Zote mbili ni jamaa ya kangaga, yaani hazitoi maua wala mbegu.

Ulichodhani ni mizizi si mizizi, kwa kuwa mmea huu hauna mizizi kabisa. Kila kifundo cha shina hutoa majani matatu: mawili huelea, na la tatu huzama likiwa limechanikachanika kuwa nyuzi za kahawia. Wala hukupewa mimea miwili. Ukiwa na nafasi, majani hulala bapa juu ya maji. Ukianza kubanana, hukua, hujikunja na kusimama, na umbo hilo la pili ni dalili kwamba bwawa limekwisha kujaa.

Ukipata kioo cha kukuzia, tazama vinywele vya upande wa juu wa jani. Kwenye salvinia hii, kila kishina kidogo hugawanyika kuwa vinywele vinne, vikapinda kwa nje, kisha vikakutana tena nchani, kama nyaya zinazokinga kioo cha kandili. Katika baadhi ya jamaa zake ncha hizo hubaki zimeachana, hivyo alama hiyo itakusaidia kuutofautisha nao.

Asili yake ni kusini mashariki mwa Brazili. Kwetu Afrika ulipata sifa mbaya katika Ziwa Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe. Ziwa hilo lilianza kujaa mwishoni mwa mwaka 1958, mmea ukaonekana humo mwaka 1959, na kufikia mwaka 1962 ulikuwa umetanda juu ya kilomita za mraba zipatazo 1,000. Wakati huo wataalamu waliuhesabu kuwa ni *Salvinia auriculata*. Ni mwaka 1972 ndipo D. S. Mitchell alipoueleza kuwa ni aina ya peke yake na kuupa jina la *molesta*, neno la Kilatini lenye maana ya kusumbua. Jambo linalonishangaza kila ninapolifundisha ni kwamba mmea huu ni tasa. Hutoa chini ya maji vifuko vya spora, yaani chembe ambazo kangaga huzaana kwazo badala ya mbegu, lakini spora hizo hazizai. Kuenea kwake kote kunatokana na kukatika: kipande kimoja chenye chipukizi kikichukuliwa na maji, mashua au mguu wa ndege huanzisha mmea mzima, na katika joto kama hili letu, kwenye maji yenye rutuba, unaweza kuongezeka maradufu kwa siku 2 au 3. Mbolea ya samaki wako imeulisha vizuri.

Sasa tuje kwenye swali lako la pili, ambalo ndilo zuri zaidi. Salvinia ni mmea wa maji matamu yaliyotulia. Maji ya bahari huwa na takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Hata ukichanganya sehemu 1 tu ya maji hayo na sehemu 9 za maji matamu, ukuaji wake hupungua, na chumvi ikizidi kupanda majani huungua na mmea hufa. Kisima chako kinapokea maji ya bahari yanayopenya kwenye mwamba wetu wa matumbawe, na mmea umekuonyesha hilo bila kipimo chochote.

Mkazi wa Changamwe:

Niliishi Naivasha miaka mingi kabla ya kuhamia Pwani, na ninathibitisha aliyoyasema mwalimu. Salvinia ilikuwamo katika ziwa lile tangu miaka ya 1960. Nilishuhudia wavuvi wakiusukuma kwa makasia zulia la majani, mashua ikasimama, nyavu zikainuliwa zikiwa zimejaa majani. Lakini Ziwa Elmenteita, ambalo halipo mbali na pale, halina hata jani moja la salvinia, kwa kuwa maji yake ni ya magadi.

Kuna fukusi mdogo wa milimita 2 hivi, *Cyrtobagous salviniae*, ambaye hula machipukizi yake huku mabuu wake wakitoboa shina. Alitolewa kwao Brazili na kuachiliwa mwaka 1980 katika Ziwa Moondarra huko Australia, na katika muda wa mwaka mmoja na ushei akalisafisha. Kwa bwawa la nyumbani, hata hivyo, mikono na kimia vinatosha.

Mfugaji wa Kisauni:

Nimefarijika sana. Je, nikitia maji ya bahari katika bwawa la kwanza, nitaumaliza?

Mwalimu wa baiolojia, Tudor:

Usifanye hivyo, dada. Tilapia huenda wakavumilia, lakini chumvi ya kutosha kuua salvinia itakuharibia maji hayo kwa umwagiliaji, na kuyarudisha kuwa matamu ni kazi ya masika mazima. Vuta kwa kimia, ukianzia upande ambako upepo umeurundika, na rudia kila baada ya siku chache kwa sababu vipande vitabaki. Uliyoyatoa yakauke kabisa kwenye nchi kavu. Ninakusihi usiyatupe mtaroni wala kwenye dimbwi lolote la jirani. Mvua zikinyesha, mtaro unaofika baharini utauua mmea, lakini ule unaoingia kwenye kinamasi cha maji matamu utauhifadhi, na hali kadhalika vijito vya Kombeni na Mwache huko juu, kabla havijakutana na maji ya bahari. Kama unatamani kangaga la kustahimili chumvi, basi tazama ukingoni mwa mikoko, upande wa nchi kavu: *Acrostichum aureum* husimama kwenye tope, likimpita mtu kwa kimo, na chini ya vijani vyake vya juu spora zimetanda kama kutu. Hilo ni la kwetu na liachwe pale lilipo.

Mfugaji wa Kisauni:

Mwalimu, nimeazima kioo kwa fundi saa na kulitazama jani kwenye mwanga wa dirisha. Vinywele vinne vinne vimekutana nchani, sawasawa na nyaya za kandili. Leo tumevuta ndoo kumi na moja mimi na wanangu, tukazitandaza juu ya mabati, na jioni majani ya mwanzo yalikuwa yamekauka yakivunjika mkononi. Nusu ya bwawa imefunuka. Yaliyokuwa kwenye bwawa la kisima nimeyaokota yote kwa mkono, hayakujaza hata bakuli.