Hesabu ya mafuta ya kwenda kazini: Mukono hadi Nakasero

Ndugu wanajumuiya,

Wakubwa shikamooni, na wenzangu nawasalimu. Nimehamia Kampala kikazi nikitokea Dodoma, na ofisi yetu ipo Nakasero, katikati ya jiji. Nimepata nyumba Mukono, mji ulio nje ya Kampala upande wa mashariki, ambayo kodi yake ni pungufu kwa shilingi 400,000 za Uganda kwa mwezi kuliko nyumba ya ukubwa huohuo niliyoiona Ntinda, mtaa wa Kampala, ila nitalazimika kuendesha gari kila siku ya kazi. Gari ninalolitaka ni la petroli kutoka Japani, injini ya sisi 1500, na muuzaji ananihakikishia kwamba linakwenda kilomita 16 kwa lita moja. Kwenda ni kilomita 22 na kurudi 22, na kwa siku 22 za kazi jumla ni kilomita 968. Nikigawanya kwa 16 napata lita 60 na nusu, na nikichukua bei ya shilingi 5,000 kwa lita gharama inakuwa shilingi 302,500 kwa mwezi. Kwa hiyo naona nitabaki na karibu laki moja kwa kuishi Mukono. Naomba mnitazamie kama kuna kitu nimekiacha, kwa sababu mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu kwa mkupuo.

— Mgeni wenu wa Nakasero

*

Dada yetu, marahaba, na karibu sana Uganda.

Kanuni uliyotumia ni sahihi: kilomita unazigawanya kwa zile ambazo gari linakwenda kwa lita moja, kisha unazidisha kwa bei. Kinachonitia wasiwasi ni hiyo 16. Namba ambazo wauzaji wa magari ya Japani hutaja kwa kawaida hutokana na vipimo rasmi vya kule, ambapo gari hupimwa maabarani likiwa halisogei, magurudumu yakizunguka juu ya silinda, kwa mwendo uliopangwa sekunde kwa sekunde, bila kilima cha Kireka na bila foleni ya Banda. Vipimo vya zamani vinavyoitwa 10-15, ambavyo baadhi ya magari yanayouzwa huku yalipimwa kwavyo, vinajulikana kwa kuonyesha ulaji mdogo kuliko ule wa barabarani. Tena gari lilipimwa likiwa jipya, na wewe utalinunua likiwa na umri wa miaka kumi au zaidi.

Mimi ninaishi upande wa Seeta na gari langu lina injini ya ukubwa huo. Kwenye barabara ya Jinja, asubuhi za muhula wa shule, linanipa kilomita 10 kwa lita, na shule zikifungwa huongezeka kidogo. Kwa hiyo anza na 10. Kilomita 968 kwa 10 ni lita 96.8, ambazo kwa bei yako ni shilingi 484,000, si 302,500.

Ukishalinunua gari, lipime wewe mwenyewe, na hapa naomba unisome kwa makini kwa sababu wengi wetu tumezoea kununua mafuta kwa fedha, si kwa lita. Mtu anafika kituoni, anafungua kioo na kusema “weka ya elfu hamsini”, mshale unapanda kidogo, anaondoka. Kwa mtindo huo unajua ulichotoa mfukoni, lakini hujui gari limekula kiasi gani, kwa kuwa geji ya mafuta si kipimo: katika magari mengi nusu ya juu hushuka polepole, kisha nusu ya chini ikateremka kwa kasi. Njia ya kuaminika ni kujaza tangi hadi juu mara mbili. Mara ya kwanza jaza, rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri, kisha endesha kama kawaida mpaka tangi likaribie robo. Rudi kwenye kituo kilekile, pampu ileile ikiwezekana, gari likae sehemu tambarare, ujaze tena. Lita zitakazoingia mara hii ya pili ndizo gari lilizokula kwa kilomita zinazosomeka kwenye kihesabu. Kama kihesabu kinasoma 412 na risiti inasema lita 40.3, gari lako linakwenda kilomita 10.2 kwa lita.

Jambo moja dogo huharibu kipimo hiki. Bomba la pampu hujikata lenyewe tangi linapojaa, kwa mlio wa “tak”, lakini mhudumu hupenda kuendelea kubinyabinya ili fedha ifike elfu kamili na asihangaike na chenji. Mwombe mapema, kwa upole, aachie pale linapojikata kwa mara ya kwanza, mara zote mbili. Na upige picha ya risiti na ya dashibodi papo hapo, maana risiti za vituo vya mafuta hufifia upesi zikikaa juani garini. Ukirudia kwa matangi kadhaa, wiki moja ya mvua au ya foleni isiyo ya kawaida haitakudanganya. Dashibodi nyingi za Kijapani huonyesha wastani wa kilomita kwa lita, na unaweza kuutazama njiani, ila nimeuona ukisifia gari kuliko risiti zinavyosema.

Foleni ina hesabu yake. Injini kama hiyo ikinguruma huku gari limesimama, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, inaweza kula karibu lita moja kwa saa. Ukisimama jumla ya saa moja kwa siku kati ya Bweyogerere na Lugogo, ni takriban lita 22 kwa mwezi, yaani zaidi ya shilingi laki moja ambazo hazikukusogeza hata hatua. Ndiyo maana wengi wa upande wetu hutoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Wengine huingia Northern Bypass, barabara inayozunguka kaskazini mwa jiji, pale Bweyogerere, wakatokea Kisaasi na kushuka Bukoto na Kamwokya hadi Nakasero. Njia hiyo ni ndefu kwa kilomita chache, lakini ikiwa magari yanatembea inaweza kula mafuta kidogo kuliko ile fupi. Pima zote mbili kwa tangi zima kila moja kabla ya kuamua.

Sasa turudi kwenye nyumba, kwa sababu kuna upande wa hesabu ambao haukuuandika. Kutoka Ntinda pia utaendesha. Ntinda hadi Nakasero ni kama kilomita 7, yaani 14 kwa siku na 308 kwa mwezi. Safari fupi ya mjini, injini haijapata moto vizuri na foleni ni mwanzo hadi mwisho, hula zaidi kwa kila kilomita, basi tuchukue 8 kwa lita: ni lita 38.5, au shilingi 192,500. Kinachopaswa kulinganishwa na kodi ni tofauti ya safari mbili, ambayo ni shilingi 291,500. Kumbe unabaki na shilingi 108,500, karibu sawa na ulivyokuwa umefikiri, kwa kuwa namba ya muuzaji ilipunguza gharama na kuisahau Ntinda kuliiongeza, na mambo hayo mawili yakafutana.

Usifurahi mapema, dada. Jumamosi utakwenda mjini kwa ununuzi, kwa ibada au kuwaona wenzako, na kila safari kutoka Mukono ni kilomita 44. Jumamosi nne ni lita 17.6 kwa Mukono na lita 7 kwa Ntinda. Ukijumlisha yote, kuishi Mukono kunakugharimu lita 68.9 zaidi kila mwezi, sawa na shilingi 344,500, na faida inabaki shilingi 55,500. Ukiigawa ile 400,000 kwa lita 68.9 utapata kama 5,800. Hiyo ndiyo namba ya kuandika ukutani: petroli ikipita shilingi 5,800 kwa lita, Mukono inakuwa ghali kuliko Ntinda.

Na bei inaweza kupita hapo. Nyumbani Tanzania tumezoea EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, itangaze bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na majirani zetu wa Kenya wana mamlaka yao, EPRA, inayotangaza tarehe 14. Uganda haina bei kikomo. Kila kampuni huandika bei yake ubaoni na inaweza kuibadilisha siku yoyote, na mafuta husafiri mbali kutoka baharini, mengi kupitia Mombasa, hivyo mkwamo wa mpakani unaonekana upesi kwenye pampu. Januari 2022, malori yalipokwama Malaba na Busia kwa sababu ya vipimo vya Uviko, baadhi ya vituo viliuza lita kwa zaidi ya shilingi 10,000. Weka asilimia kumi juu ya bajeti yako ya mafuta, na usiiguse.

Bei ikiwa tofauti kati ya kituo na kituo, tafuta nafuu iliyo njiani kwako tu. Kuzunguka kilomita 6 kwa ajili ya punguzo la shilingi 50 kwa lita, ukijaza lita 30, kunakupa shilingi 1,500 na kula mafuta ya shilingi 3,000.

Oili, matairi na breki sijavigusa. Kwa kilomita zaidi ya elfu moja kwa mwezi, sevisi ya kila kilomita 5,000 itakuja kabla ya miezi mitano kwisha, na hiyo nayo inaila ile 55,500.

— Kaka yenu wa Seeta

*

Ndugu zangu, naongeza kwa faida ya wanaofikiria Entebbe.

Barabara ya haraka ya Entebbe inalipiwa tangu Januari 2022, na gari dogo hutozwa shilingi 5,000 kwa safari. Kwa siku 22, kwenda na kurudi, hiyo ni shilingi 220,000 kabla ya mafuta. Mimi huitazama hivi: kwa bei ya lita iliyotumika hapo juu, tozo ni sawa na lita moja. Kwa safari ya kilomita 40, gari linalokwenda 10 kwa lita kwenye barabara ya zamani hula lita 4. Ili barabara ya haraka ijilipe kwa mafuta peke yake, lazima gari hilohilo lifikie kilomita 13.3 kwa lita. Alfajiri barabara ya zamani ikiwa wazi, haijilipi hata kidogo. Jioni Kajjansi na Zana zikifunga, inaweza kujilipa. Halafu kumbukeni inakutoa Busega au Munyonyo, na kutoka hapo hadi katikati ya mji foleni inakusubiri.

— Mama wa Entebbe

*

Asanteni sana, kaka na mama. Swali la mwisho: wenzangu wawili ofisini wanaishi Mukono na wameomba tuende pamoja. Tugawaneje?

— Mgeni wenu wa Nakasero

*

Dada, hilo ndilo linalobadilisha hesabu yote. Watu wawili zaidi ndani ya gari huongeza ulaji kidogo mno, lakini ile 484,000 ikigawanywa kwa watatu kila mmoja anatoa kama shilingi 161,000, na Mukono inakuwa na faida ya kweli. Wao wakusubiri barabarani ili usizunguke mitaani kuwachukua. Hakikisha ni mchango wa mafuta na si nauli, kwa sababu bima ya gari la binafsi si bima ya kubeba abiria wa kulipa. Soma cheti chako kabla hamjaanza. Na mkubaliane kwa lita badala ya shilingi: kila mmoja lita 32 kwa mwezi, kwa bei iliyopo ubaoni siku mnayojaza, ili bei ikipanda ghafla isikuangukie wewe mwenye gari peke yako.

— Kaka yenu wa Seeta