Hivi nani kawaambia pati ya pili ya muvi ya nyumba ya mizimu ni kuongeza mashetani tu??

Wakuu habari za usiku, mnivumilie naandika nikiwa na hasira. Saa nane hii nimetoka kumaliza muendelezo wa muvi moja ya nyumba yenye mzimu, jina siitaji, bando limekata na sijashtuka hata mara moja. Pati ya kwanza ilinilaza taa inawaka siku tatu. Hii ya pili nimehesabu mashetani sita, SITA, na kila mmoja kaelezewa alizaliwa wapi, nani alimuua, anadai nini. Sasa nimuogope vipi mtu ambaye najua mpaka historia ya mama yake?

Muvi ya nyumba ina swali moja tu ambalo kila mtu pale sebuleni analipigia kelele: mbona hawahami? Pati ya kwanza unaweza ukazugazuga, familia haijajua bado, wanadhani ni panya, wanadhani ni mabomba. Pati ya pili huna hicho kisingizio, sisi tunaoangalia tunajua toka dakika ya kwanza humo ndani kuna nini, kwahiyo swali linarudi na nguvu mara mbili na kama huna jibu muvi imekufa hapohapo hata uweke makelele ya kupasua spika.

Chukua The Conjuring 2 ya 2016. Muongozaji James Wan kaenda Enfield kule London, mwaka 1977, mama hana mume, watoto wanne, hela hamna, nyumba yenyewe ya halmashauri. Aende wapi? Majirani wanajua, mpaka polisi wamekuja wakaona kiti kinatembea chenyewe, na bado anarudi mlemle kwa sababu hana kwingine. Umaskini ndo umefunga ule mlango, shetani kakuta umeshafungwa. Halafu ile sini Ed, yule mchunguzi wa mizimu, anamhoji Janet, binti wa yule mama, huku kampa mgongo, maana ile sauti ya mzimu inayotoka kwa mtoto haitaki kuongea ikitazamwa. Kamera imemganda Ed usoni, Janet yuko nyuma huko ukungu ukungu, humuoni vizuri, na hawakati, wanakuacha unakodoa macho kwenye ule ukungu mwenyewe mpaka unaanza kuhisi aliyekaa pale sio mtoto tena. Hakuna kilichoruka pale wakuu. Lile lijitu refu lililopinda mi ningelitoa kabisa, lakini hiyo sini naitetea popote.

Au Paranormal Activity 3, 2011. Wamechukua kamera wakaifunga kwenye feni. Basi. Inageuka sebuleni, inarudi jikoni, inageuka tena, na huwezi kuiharakisha, unajua kabisa kule upande wa pili kuna kitu ila feni bado inakuonyesha kochi. Yule dada anayeangalia watoto kakaa zake, nyuma yake kuna kitu kimesimama kimejifunika shuka, kimemkaribia, mara shuka inaporomoka chini na ndani hamna mtu!! Aisee mi nililala feni imezimwa na ilikuwa Januari hapa Dar, mnaoijua Januari ya Dar mnanielewa. Shetani mpya hawakuhitaji, walitafuta namna nyingine ya kuiangalia nyumba.

Insidious: Chapter 2 nayo naiheshimu kwa hilo, imerudi kwenye usiku uleule wa pati ya kwanza, kule kugongwa kwa mlango kulikotutisha ikatuonyesha nani alikuwa anagonga, na ukiirudia ya kwanza unaiona nyingine kabisa. Huo ndo muendelezo.

Sasa wenzetu wa Poltergeist. Ya 1982 nyumba imejikunja ikamezwa, imeisha. 1986 familia imehamia kwa bibi na mzimu umewafuata, na ukishaanza kufuata watu kila kona basi nyumba haina kazi tena. Na angalieni sini inayotisha kuliko zote humo, yule mhubiri Kane, ambaye ndo mzimu wenyewe, kasimama nje, mvua inanyesha, anaomba afunguliwe, baba kamzuia mlangoni. Mlango tena! Walikuwa nao mkononi wakauacha wakakimbilia kutueleza habari za kundi lake la dini na pango walilofia. 1988 wakahamia ghorofa refu Chicago, mama hayupo, baba hayupo, kaka hayupo, kabaki Carol Anne, yule binti mdogo, peke yake kwa ndugu. Familia tuliyoipenda ndo hiyo mmeitoa, mnataka tumuogopee nani?

Turudi kwenye hii takataka ya leo. Baba ana magari mawili na nyumba nyingine ya mapumziko ziwani, wameionyesha kabisa mwanzoni, nzuri, tupu, ufunguo anao. Mtoto kaburuzwa ukutani Jumatatu usiku. Alhamisi wako mezani humohumo wanakunywa chai na hakuna hata mmoja aliyesema tuondoke.