Nundu ya mninga inayomeguka: resini, kabidi au bobari kali?

Mkereza wa Tanga: Nina nundu ya mninga, yaani uvimbe wa shina la mti, ambayo ninataka kuikereza (kuichonga ikizunguka kwenye mashine) iwe bakuli la mteja, lakini jaribio la kwanza lilimeguka ukingoni. Fedha niliyo nayo inatosha kununua kitu kimoja tu: pampu ya kufyonza hewa pamoja na resini, kimiminika kinachoingia ndani ya mbao na kugandishwa ili kuiimarisha, au chuma cha kukwangulia chenye ncha ya kabidi, metali ngumu sana. Je, mngenunua kipi?

Patasi Butu: Ndugu, umetaja fedha ukaacha mambo yenyewe. Nundu ni kavu au mbichi? Kipenyo ni sentimita ngapi, na mashine inazunguka mara ngapi kwa dakika? Resini ya kuivishwa kwa joto hutaka mbao iliyokauka kabisa, kisha huivishwa katika oveni kwa nyuzijoto zipatazo 90 za Selsiasi.

Bi. Kinoo: Usinunue chochote, noa bobari yako, ile patasi yenye makali ya mviringo. Nyuzi za nundu hazina upande mmoja, zinajikunja na kukutana, kwa hiyo popote unapokata utakuta nyingine zimekugeukia, na chuma butu huzing'oa badala ya kuzikata.

Fundi Mzee: Niliwahi kukereza nundu ya mzeituni ya sentimita 30 ambayo kwa nje ilionekana nzima, kumbe ndani ilificha gome. Ukuta ulipobaki milimita 6 nikaona nipitishe mkono wa mwisho bila kunoa. Chuma kikanasa kwenye gome, bakuli likapasuka vipande vitatu, kimoja kikapiga dari na kingine kikapiga ngao niliyovaa usoni. Tangu siku hiyo hudondoshea kila ufa gundi nyepesi ya kukauka papo hapo, na ninapochimba ndani huzungushia nje nailoni ya kufungia mizigo.

Bi. Kinoo: Pole, mzee wangu, lakini umekiri mwenyewe kwamba hukunoa.

Fundi Mzee: Nimekiri, binti yangu. Hata hivyo gome halishikamani na mbao, na ukali wa bobari hauliunganishi.

Patasi Butu: Gundi hiyo huacha doa kwenye sehemu nyeupe ya mninga, kwa hiyo apake shelaki, aina ya vanishi, kwanza. Tena bado hatujajibiwa.

Mkereza wa Tanga: Mniwie radhi. Kipenyo ni sentimita 25, mti ulikatwa miezi miwili iliyopita, na nilizungusha mara 1,800. Oveni ninayo, ya jikoni.

Patasi Butu: Mara 1,800! Anza na 600, usivuke 900. Mbao hiyo bado ina maji, basi resini iache, na oveni ya chakula usiiguse. Mimi ningeikereza sasa kwa ukuta mnene wa milimita 25, niiache ikauke polepole kwa miezi kadhaa, kisha niimalizie.

Bi. Kinoo: Hapo tunakubaliana. Na ukiishia kununua kabidi, iinamishe ncha chini kidogo ili ikwangue bila kunasa.

Fundi Mzee: Mteja analitaka lini?

Mkereza wa Tanga: Mwisho wa mwezi huu, na malipo ya awali nimekwisha kuyapokea.