Wakubwa wanaitwa Safari na Kisima, huyu wa tatu tumwite nani? Tupeane uzoefu

mama_wawili_Moro

Wapendwa, habari za jioni. Niko wiki ya 34, miguu imevimba nimeiegesha juu ya ndoo iliyopinduliwa, na jambo linalonikosesha usingizi si la kliniki. Ni jina.

Mwanangu wa kwanza anaitwa Safari, ana miaka tisa. Uchungu ulinishika ndani ya basi, natoka Dodoma namfuata mume wangu Singida alikokuwa kikazi. Tulikuwa tumeshavuka Bahi. Dereva hakuuliza mtu, aliliingiza basi zima kwenye uwanja wa kituo cha afya, abiria na mizigo yao. Mama mmoja nisiyemjua akanivulia kitenge chake, kipya kabisa, hata pindo kilikuwa hakijapigwa. Ninacho mpaka leo. Mtoto alipolia, watu waliokuwa wamekaa chini ya mwarobaini wakapiga vigelegele, na kondakta ndiye aliyesema, "Huyo ni Safari." Hatukuwa na sababu ya kumpinga.

Wa pili ni binti, Kisima, miaka mitano. Nilimzalia kwa wakwe, Kondoa. Pale tulikuwa tukichota maji kwa kufukua mchanga wa korongo, kiangazi kikikaza unafukua mpaka kiunoni. Wiki niliyojifungua ndiyo wiki kisima kirefu cha kijiji kilipoanza kutoa maji. Baba mkwe alikuja na maji ya kwanza kwenye kibuyu, akanionjesha kitandani, kisha akalowesha kidole akamgusa mtoto kwenye paji la uso. Jina likawa limeshapatikana.

Sasa huyu. Hakuna kilichotokea. Mimba imetulia, presha nzuri, nyumbani amani, kazi ya mume ipo. Wifi zangu wanasema majina ya vitu yametosha, wanataka Jayden akiwa wa kiume. Mume wangu anasema tusubiri, jambo litatokea na jina litakuja lenyewe. Mimi naogopa. Mjamzito haombi jambo litokee.

Usiku nawaita kimoyomoyo kama nitakavyowaita nikiwa mlangoni, jua limezama: Safari! Kisima! Jayden! Sikio linakataa. Lakini kubuni kisa cha uongo ili tu jina lifanane na wenzake nako sitaki. Waliopita njia hii, mlifanyaje?

mzee_wa_Kahama

Hongera, dada. Sisi Wasukuma kwa mapacha hatuitishi kikao. Anayetangulia Kulwa, anayefuata Doto, na atakayezaliwa baada yao ni Shija, awe wa kike au wa kiume. Akitanguliza miguu ni Kashinje. Kwa hiyo watoto wangu watatu walikuja na majina yao mkononi.

Alipokuja wa nne, mama yao akaomba achague yeye. Nikaona ni haki yake. Akamwita Brian.

Mwaka jana tulikuwa shambani tunavuna mpunga, Brian ana miaka minane. Babu yao akawa anawasimulia wajukuu kwa nini Kulwa ni Kulwa na Shija ni Shija. Brian akaweka chini mganda aliokuwa ameubeba, akauliza, "Babu, na mimi?" Babu akanitazama mimi. Nikamwambia mama yako alilipenda hilo jina. Akasema "sawa", akaokota mganda wake, akaendelea. Ile "sawa" nimelala nayo siku nyingi.

Nilipofika nyumbani nikamwambia mama yake. Akanieleza jambo ambalo kwa miaka minane sikuwahi kumuuliza. Usiku ule mimi nilikuwa mgodini, zamu ya usiku. Mvua kubwa, umeme umekatika, na muuguzi mmoja kijana wa kiume alikaa naye mpaka asubuhi, tochi ya simu ikiwa mdomoni ili mikono yote miwili iwe huru. Aliitwa Brian.

Kumbe kisa kilikuwepo, mimi ndiye sikuwepo. Jioni hiyo hiyo mama akamsimulia mwanawe. Siku hizi akiulizwa jina lake analitaja na hiyo tochi.

Kwa hiyo dada, Jayden usimkatae kwa sababu ni la Kizungu. Muulize wifi yako kwanza: kwa nini Jayden? Akikosa la kusema, hapo sasa mkatae.

nnalongo_wa_Masaka

Mzee wa Kahama, kwetu Buganda atakayefuata mapacha ni Kizza. Warundi wanamwita Ciza. Wajaluo Okello, wa kike Akello. Nimefurahi kuona huyo mtoto anangojwa kila mahali.

Amani_wa_Kyaka

Naomba nizungumze upande wa mtoto, maana hapa wazazi ndio wengi.

Kaka yangu mkubwa alizaliwa 1967. Baba alikuwa mwalimu na mwana-TANU hasa, Azimio la Arusha lilikuwa limetoka Februari, akamwita Azimio. Wakafuata dada wawili wenye majina ya Kihaya. Halafu Novemba 1978, majeshi ya Amin yameingia Kagera na daraja la Kyaka limelipuliwa, mama akajifungua wakiwa wamekimbia nyumbani, kwenye boma la watu wasiowajua. Mtoto akaitwa Vita. Mimi nikaja 1981. Nikaitwa Amani.

Kila mgeni anapenda sana: Azimio, Vita, Amani, kama kitabu cha historia! Sawa. Lakini sisi tuliishi ndani ya hicho kitabu. Vita ndiye mpole kuliko sote, fundi seremala, mtu wa kupiga randa siku nzima bila kusema neno. Akivunja kikombe: "Si ndiye Vita." Mimi nikigombana na mtu: "Amani gani wewe?" Nilipokuwa mdogo niliamini kabisa kwamba nililetwa duniani kumrekebisha kaka yangu. Naye, tulipokuwa watu wazima, aliniambia kwamba aliamini hivyo hivyo.

Mama hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amechoka kukimbia, akatamani kutulia. Lakini, mdogo wangu, nakusihi: linganisha sauti ukitaka, linganisha lugha, ila jina la mdogo lisiwe jibu la jina la mkubwa. Watoto wako mpaka sasa kila mmoja anasimama kwa miguu yake. Safari hakusubiri Kisima aje ndipo aeleweke.

mama_wawili_Moro

Amani, nimemsomea mume wangu hayo. Alikuwa anakula, akaacha kula. Tulikuwa tumeanza kufikiria "Kituo", ati Safari apate pa kufikia. Tumeliacha hapo hapo.

mama_Nuru

Mimi nina la makaratasi, maana limenitesa. Wangu anaitwa Nuruyangu, neno moja. Kwenye tangazo la kizazi likaandikwa Nuru Yangu. Nikaona ni nafasi tu kati ya maneno, nina mtoto wa siku moja mkononi, nikaondoka. Amefika darasa la saba, majina yanahakikiwa kwa ajili ya mtihani, "Yangu" limekuwa jina la kati na jina la baba yake limesukumwa kuwa la ukoo. Kwenye karatasi mwanangu ana baba anayeitwa Yangu! Hati ya kiapo, nauli, njoo kesho, njoo Jumatatu. Baba yake alikuwa anakunja uso kila akiona ile fomu, na sikumlaumu.

Majina yetu haya yasiyozoeleka ndiyo yanayoandikwa vibaya. Juma hakuna anayemkosea. Kwa Tanzania sheria inatoa siku 90 za kusajili kizazi, kwa hiyo usikubali kuharakishwa ukiwa bado na maumivu. Nenda na jina umeliandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi, umpe anayeandika, na usiondoke dirishani kabla ya kusoma herufi moja moja. Kisima asije akawa Kizima.

Furaha_Bukavu

Kwetu Bukavu watoto wako wasingeshangaza mtu. Darasa moja unakuta akina Bahati watatu, Mapendo, Riziki, Dunia, Faida. Baba alibatizwa kwa jina la Kizungu, mwaka 1972 Mobutu akakataza majina hayo, akalazimika kuliacha. Sisi watoto wake wote akatupa ya Kiswahili. Nilimuuliza kama alilikumbuka lile la kwanza. Akasema mama yake hakuacha kumwita hilo, kwa sauti ya chini, jikoni.

nyanya_mtarajiwa

Huku Murang'a majina hayasumbui mtu: mvulana wa kwanza ni babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa nyanya zao. Lakini binti yangu ameongeza ya nyumbani. Mkubwa anaitwa Umande, wa pili Kiangazi. Kwenye cheti wana ya ukoo, mlangoni wanaitwa hayo. Mna nafasi mbili, mama. Moja waachie mawifi.

fundi_cherehani_Tabora

Mimi sikulinganisha. Wakubwa ni Ukombozi na Jua, mdogo ni Fatuma. Fatuma ni bibi aliyenilea mama yangu alipofariki. Watu wakisema hafanani na wenzake, nawaambia anafanana na bibi.

mie_wa_Wete

Asalaam alaykum. Mie mtu wa Pemba, nimesoma uzi wote toka juu. Dada, umesema hakuna kilichotokea. Mimba imetulia, nyumba imetulia, mume kazini. Hilo si jambo? Wangapi hapa waliomba miezi tisa ya namna hiyo wasiipate? Mie mwenyewe mimba yangu ya pili nililala hospitali toka mwezi wa tano.

Sie bahari ikilala, haina wimbi wala upepo, maji kama kioo, twasema shwari. Kina mama wakitoka na vijiti vyao kutafuta pweza mwambani, wataka siku kama hiyo, huona mpaka chini. Hebu ita: Safari! Kisima! Shwari! Lafaa mke, lafaa mume.

Na kama nyie ni Waislamu, jina laweza kungoja mpaka siku ya saba, siku ya akika. Sheikh wetu alitusomea kuwa Mtume (s.a.w.) alimkuta mwanamke aitwaye Aswiya, maana yake muasi, akamwita Jamila. La maana mbaya ndilo hubadilishwa. Lenye maana njema halina neno, hata kama mtaa mzima haujapata kulisikia.

nahodha_mstaafu_Tanga

Kwa heshima zote, mwanangu wa Wete. Mimi nimekula chumvi ya bahari miaka thelathini. Shwari ni tamu kwa aliye mwambani. Jahazi likikutwa na shwari katikati ya mkondo wa Pemba ni jambo jingine. Tuliwahi kukaa siku mbili, tanga limelala kama nguo iliyoanikwa, tumebeba boriti, hatuendi wala haturudi. Maji ya kunywa tulikuwa tukipimiana kwa kifuu. Nasema tu ili dada ajue uzito wa neno kabla hajampa mtoto.

mie_wa_Wete

Baba, shikamoo. Nimekubali kila neno. Lakini nyie mliishiwa maji. Huyu dada yake ni Kisima.

nahodha_mstaafu_Tanga

Marahaba, mwanangu. Hapo umenifunga. Dada wa Moro, mpe.

mama_wawili_Moro

Wapendwa, nimerudi, naandika kwa mkono mmoja. Amezaliwa Jumanne alfajiri, wa kike, kilo 3.2. Niliingia saa nane usiku nikitembea kwa miguu yangu, saa kumi na moja alikuwa kifuani. Mume wangu alikuwa nje kwenye benchi akisubiri jambo litokee. Muuguzi alipomfungulia mlango akasema tu, "Baba, ingia, kuko salama."

Mawifi nilifanya kama alivyosema mzee wa Kahama, niliwauliza kwa nini Jayden. Mkubwa akasema analisikia kwenye tamthilia. Mdogo akanyamaza, baadaye akanifuata jikoni akaniambia mimba iliyomharibikia mwaka juzi alikuwa ameshaipa jina hilo. Sikujua. Tulikaa pale mpaka chai ikapoa. Jina hilo ni lake, akijaliwa atamwita mwanawe.

Siku ya saba tumemwita Shwari. Dirishani nilitoa karatasi yenye herufi kubwa, mama Nuru, nikasoma S mpaka I, na kijana aliyekuwa akiandika akasoma pamoja nami.

Safari amelipenda. Kisima anasema ni gumu, anatamka "Swali", tumemwacha kwa sasa.

Aliyebaki alikuwa baba mkwe, nikampigia Kondoa. Ana miaka sabini na kitu, bahari hajawahi kuiona. Akauliza, "Shwari ndiyo nini hasa?" Nikamweleza kama nilivyoelezwa hapa, maji mengi yasiyo na wimbi, yametulia. Akakaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Siku ile ya kisima, ndoo ya kwanza ilipojaa, watu walikuwa wanasukumana, maji yanacheza. Nikawaambia ngojeni. Yakatulia, nikaona uso wangu mle ndani. Ndiyo hivyo?"

Nikamwambia, ndiyo hivyo, baba.