Naomba ushauri: usiku wa nyota na wanafunzi 25, Mombasa, Julai

Mwalimu_Fizikia: Salaam wadau. Kitabu tunachofundishia kinasema usiku wa baridi tuanze na Jabari (kundi la nyota la Orion). Tuna darubini ya kioo ya milimita 130, fokasi 900, stendi ya ekwatoria (mhimili wake huelekezwa kwenye ncha ya mbingu). Mhimili huo haushuki hadi nyuzi 4 za hapa kwetu, uzito wa kusawazisha unagonga mguu. Nifanyeje?

Kusi_Kaskazi: Mwalimu, baridi ya kitabu hicho ni ya Ulaya, Desemba hadi Februari. Kipupwe chetu Jabari yuko upande wa jua na huchomoza karibu na alfajiri, kwa hiyo jioni usimtafute. Ikiadhiniwa Isha shafaki, mwanga wa baada ya machweo, imekwisha. Anza hapo na Msalaba wa Kusini, maana umeshaanza kulalia magharibi na hautawangoja. Kushoto kwake kuna Alpha Centauri: weka lenzi ya jicho ya milimita 10, yaani kukuza mara 90, watoto waone nyota moja ikiwa mbili. Kisha rudi lenzi ya 25 kwa Omega Centauri, fungu la nyota linaloonekana kama donge la ukungu lenye chembechembe. Saa tatu kundi la Nge liko juu kabisa, na nyota Antares, moyo wake, mwekundu waziwazi hata bila darubini.

Fundi_Lenzi: Stendi usihangaike nayo. Ncha ya kusini ya mbingu kwetu iko nyuzi 4 tu juu ya upeo, na stendi nyingi za ekwatoria hazikuundwa kwa hapo. Kama yako inafika nyuzi 90, ipandishe huko, itageuka kulia na kushoto, juu na chini tu. Darubini ndogo ya kulengea ilinganishe kabla ya Magharibi kwa mlingoti wa mbali, mbali na jua.

Unyevu ndio adui. Darubini ikitoka chumba chenye AC, iache ndani ya mkoba uliofungwa kwa saa nzima, la sivyo vioo vitafuka ukungu papo hapo. Ukungu ukiingia, usifute kwa kitambaa! Chumvi ya bahari inakwaruza kioo. Pepea kwa kadibodi, usubiri.

Mvuvi_Tiwi: Nendeni ng'ambo ya Likoni, Tiwi, taa za mji zibaki kaskazini, mgongoni mwenu. Ila usiku usio na mwezi ndio wa bamvua, maji hujaa sana: tazama jedwali la maji, kaeni juu ya mstari wa mwani mkavu. Chini ya kila mguu wa stendi weka kipande cha mbao, mchanga unazama. Na tenga usiku wa akiba, upepo wa kusi huleta mawingu.

Mwalimu_Fizikia: Shukran sana. Na foleni ya watoto 25?

Kusi_Kaskazi: Kwa mara 90 nyota inavuka lenzi kwa dakika mbili hadi nne hivi, kwa hiyo simama pale pale ulenge upya kila baada ya watoto wawili. Kwa mara 36, yaani lenzi ya 25, una dakika tano au zaidi. Tochi zifungwe karatasi nyekundu ya plastiki, simu zizimwe: jicho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mwanga mmoja wa simu unairudisha foleni nzima mwanzo.