MREJESHO: Kuifuata Simba msimu mzima nikiwa Dodoma

Wakuu, habari za siku. Kabla ya msimu wa 2024/25 niliwauliza kama mtu wa Dodoma mwenye kipato cha kawaida anaweza kuifuata klabu ya Simba uwanjani Dar. Wengi mlinishauri niachane na mechi ndogo za ligi, hela niitunzie Kombe la Shirikisho Afrika. Nimefuata, na mlikuwa sahihi.

SGR, treni ya kisasa ya Dodoma–Dar, imenirahisishia sana. Tiketi ya mechi ya mzunguko (viti vya bei ya chini) nalipia kwa N-Card, kadi ya malipo ya kielektroniki, nashuka Dar mchana, jioni niko kwa Mkapa, yaani Uwanja wa Benjamin Mkapa.

Mechi ya msimu kwangu ni robo fainali ya Shirikisho na Al Masry. Tulishafungwa 2-0 Misri, watani wetu Yanga wakatuzika kabisa. Marudiano kwa Mkapa, Mpanzu akafunga, Mukwala akaongeza, kisha kipa wetu Camara akapangua matuta (penalti) na tukashinda 4-1 kwa matuta. Sauti ilinikauka siku mbili, bosi akadhani naumwa.

Fainali na RS Berkane sitaki kuisema sana. Kule Morocco 2-0, marudiano Amaan, Zanzibar, 1-1. Mutale alitutanguliza mapema, matumaini yakapanda hadi kadi nyekundu ya Kagoma ilipotuvuruga. Marudiano kuhamishwa kutoka kwa Mkapa kulituumiza, kwa hilo sirudi nyuma.

Ligi, Yanga wakaimaliza Juni 25 kwa kutufunga 2-0. Wananchi (mashabiki wa Yanga), chekeni tu, mmezoea.

Aliyeuliza gharama: nauli siyo tatizo, chakula na malazi ndiyo vinavyomaliza. Tafuta ndugu Temeke, jirani na uwanja.