Mbwa na yatima wa porini: tupeane uzoefu

Nyika_Kavu: Wakuu, picha za mbwa kalala na mtoto wa duma tumeziona mno. Tuongelee kazi yenyewe. Mfano mzuri ni bustani ya wanyama ya Cincinnati, Marekani, Machi 2016: watoto 5 wa duma walizaliwa njiti kwa upasuaji, mama yao akafa baadaye. Wahudumu waliwanyonyesha kwa chupa, kisha akaletwa Blakely, mbwa dume wa aina ya Australian Shepherd. Hakuwa na maziwa. Kazi yake ilikuwa joto, mgongo wa kupandwa, na kuwakanya waking'ata kupita kiasi. Hilo la mwisho binadamu hatuliwezi vizuri.

Mama Chui: Kabla ya mbwa kuna chupa, na hapo ndipo wengi hufa. Mtoto alale kifudifudi, kichwa kimeinuka kidogo tu. Ukimlaza chali kama mtoto wa mtu atapaliwa, maziwa yaende mapafuni, nimonia imalize. Tundu la chuchu litoe tone moja moja ukigeuza chupa. Maziwa yawe na joto la mwili, kama nyuzi 38. Ya ng'ombe matupu huharisha watoto wa jamii ya paka. Tafuta ya unga ya watoto wa paka. Baada ya kila mlo, pangusa sehemu za haja kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, la sivyo hajisaidii. Mpime uzito kila siku saa ileile.

Daktari wa Ng'ombe: Chanjo jamani! Mwaka 1994 distempa (ugonjwa wa virusi wa mbwa) iliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijiji jirani ndio walioshukiwa. Mbwa awe amemaliza chanjo za distempa, parvo (virusi vya kuharisha) na kichaa cha mbwa, ametibiwa minyoo na kupe. Kitoto cha mbwa ambacho hakijafikisha wiki 16 bado hakijamaliza, kisikaribie.

Nyika_Kavu: Nyongeza: chakula kila mmoja na chumba chake. Duma ni mwoga. Mbwa atamaliza sahani zote mbili na duma abaki mifupa mitupu. Bustani ya wanyama ya San Diego, Marekani, wanaofuga jozi hizi za mbwa na duma, huwatenga wakati wa kula.

Kwale_Boy: Vipi mtoto wa swala? Mbwa wangu mpole sana.

Mama Chui: Hapana, mdogo wangu. Duma wale wanaishi bustanini maisha yote. Swala wa kurudi porini akizoea mbwa, mbwa wa kwanza wa mwindaji atamla. Halafu huenda si yatima: mama swala humficha mtoto majanini akaenda malishoni saa kadhaa. Mwache, fungia mbwa, angalia kwa mbali. Ukiona mzoga wa mama, au mtoto ana jeraha au nzi wamemjaa, piga simu KWS (shirika la wanyamapori la Kenya). Tanzania, ofisa wanyamapori wa wilaya. Kumfuga bila kibali ni kosa nchi zote mbili. Wakati unawasubiri, boksi lenye giza, kimya, na usimpe maziwa yoyote.